Uzi: Ruta mbili, nyumba moja, intaneti ya kubahatisha. Niguse wapi, niache wapi?

#1 Baba_Tunu

Wakuu, heshima mbele.

Huwa nasoma kimya kimya humu, leo yamenifika shingoni. Nipo Kinyerezi. Nyumba ya mbele ina sebule na vyumba viwili, uani kuna vyumba vitatu: kimoja nimekifanya ofisi, viwili anakaa mpangaji. Faiba iliingia mwezi wa tatu, kifurushi cha Mbps 20. Waliofunga waliniachia ruta yao sebuleni. Uani haifiki, nikashuka Kariakoo nikachukua nyingine ya bendi mbili (masafa ya 2.4 na 5 GHz), nikaita fundi akavuta kebo mita kama 25 kutoka sebuleni hadi ofisini. Akachomeka, taa zikawaka, akachukua chake akaondoka.

Sasa hali ni hii. Simu inashika Wi-Fi ya ofisini, mistari imejaa yote, lakini leo intaneti ipo, kesho inaniambia imeunganishwa bila intaneti. Nikizima Wi-Fi ya simu na kuiwasha, pengine inarudi, pengine hairudi. Na siku ikiwepo, ikifika saa mbili usiku inakuwa konokono, nikipima napata 2 au 3 kati ya 20 ninazolipia. Halafu nina kamera getini. Nimefuata video ya kufungua poti (milango ya kuingilia kutoka nje) ili niione nikiwa kazini, nimefungua mpaka basi, haionekani.

Nikiingia kwenye ruta, pale palipoandikwa Advanced naona vitu kama dashibodi ya ndege. Naogopa kugusa. Nianzie wapi?

#2 Zima_Washa

Zima, subiri nusu dakika, washa. Matatizo mengi yanaishia hapo.

#3 Baba_Tunu

Mkuu nimezima na kuwasha mpaka swichi ya ukutani imelegea.

#4 Antena_Sita

Hiyo uliyonunua ni ya kichovu. Ninazo za antena sita, bei ya maelewano, njoo PM.

#5 Fundi_Mstaafu

Antena sita hazitibu kebo iliyochomekwa tundu lisilo lake. Baba Tunu, usinunue chochote kwanza. Nijibu matatu tu.

Kebo inayotoka sebuleni, ukiangalia nyuma ya ruta ya ofisini, imeingia tundu lipi? Lile la rangi tofauti lililoandikwa WAN (upande wa intaneti), au mojawapo ya yale ya LAN (vifaa vya ndani)?

Pili, simu ikiwa na intaneti, bonyeza jina la Wi-Fi uangalie anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) na lango (namba ya ruta inayokutoa nje). Andika. Ikikugomea, angalia tena uandike.

Tatu, ingia ruta ya sebuleni, ukurasa wa hali ya mtandao, usome IP ya upande wa WAN. Usiimwage yote hapa jukwaani, namba mbili za mwanzo zinatosha.

#6 Baba_Tunu

Nimerudi na karatasi.

Kebo ipo LAN namba 2.

Siku nzuri: 192.168.1.23, lango 192.168.1.1. Siku mbaya (imetokea sasa hivi, kama inajua): 192.168.0.104, lango 192.168.0.1.

WAN ya sebuleni inaanza na 100.83.

#7 Fundi_Mstaafu

Safi. Ugonjwa wa kwanza na wa tatu umejitaja wenyewe.

Una makonda wawili kwenye stendi moja. Kila ruta ina kitu kinaitwa DHCP, kazi yake ni kumpokea kila anayeingia na kumpa namba na kumwonyesha lango la kutokea. Fundi wako amechomeka LAN kwa LAN, kwa hiyo nyumba nzima imekuwa mtandao mmoja, ila makonda wote wawili wanaita abiria. Simu ikiingia, anayewahi kuishika mkono ndiye inayempanda. Ikishikwa na wa sebuleni inapewa 192.168.1 na kitu, inatoka. Ikishikwa na wa ofisini inapewa 192.168.0 na kitu, inaelekezwa lango 192.168.0.1. Na lango hilo nyuma yake ni ukuta, maana tundu la WAN la ruta hiyo halina kebo. Daladala lipo, viti vipo, injini hakuna. Ndiyo maana mistari ya Wi-Fi imejaa: mistari inapima umbali wako na ruta, haijui ruta imeunganishwa na nini.

Dawa ni kumnyamazisha konda mmoja. Kama ruta ya ofisini ina chaguo la Access Point (AP), yaani irushe Wi-Fi tu bila kugawa namba, ichague, itajipanga yenyewe. Kama haina, fanya kwa mkono, na fuata mpangilio huu huu usiruke:

Chomoa ile kebo ya mita 25. Unganisha kompyuta na ruta ya ofisini kwa kebo fupi. Ingia 192.168.0.1, nenda sehemu ya LAN, badilisha anwani ya ruta yenyewe iwe 192.168.1.2. Hifadhi, itajiwasha upya. Ingia tena, safari hii kwa 192.168.1.2, ndipo uzime seva ya DHCP. Hifadhi. Rudisha kebo ndefu kwenye LAN ile ile, wala usiiguse WAN.

Kisha nenda ruta ya sebuleni, kwenye DHCP, uiambie igawe kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.200. Hapo 192.168.1.2 inabaki ya ruta yako peke yake, hakuna simu itakayopewa kwa bahati mbaya. Na namba za chini ya 50 zinabaki akiba kwa printa, kamera na vitu visivyohama.

Hiyo 100.83 nitairudia. Kwanza malizana na hili.

#8 Kebo_Moja

Naomba nimpinge mzee kidogo. Ana mpangaji uani. Akifanya mtandao mmoja, mpangaji anaona printa, anaona kamera, anaona kila kitu. Mimi ningechomeka WAN, niache ruta ya pili iwe ruta kamili na mtandao wake. NAT mbili, yaani kila ruta kuficha vifaa vyake nyuma ya anwani moja, haziui mtu.

#9 Fundi_Mstaafu

Hoja ya mpangaji ni ya kweli, ahsante kwa kuileta. Ila dawa yako inamlinda mtu asiye sahihi.

NAT ni mlango wa upande mmoja. Aliye nyuma yake anatoka, aliye mbele haingii. Ukichomeka WAN na mpangaji akakaa kwenye ruta ya pili, yeye ndiye yupo nyuma. Wewe wa sebuleni humwoni, lakini yeye akiandika 192.168.1.1 kwenye simu yake inafunguka ruta yako, na printa yako anaifikia, kwa sababu kwake hizo ni anwani za "nje" tu kama tovuti nyingine. Umejifungia chumbani ukamwachia ufunguo.

Ukitaka kutumia NAT kujikinga, wewe ndiye ukae nyuma, mgeni akae mbele. Kwa nyumba ya huyu bwana haiwezekani bila kuvuta kebo nyingine.

#10 Kebo_Moja

Daah. Miaka minne nimewafungia watu kinyume. Nimejaribu sasa hivi hapa nyumbani, kweli naiona printa ya mbele.

Basi mtandao wa wageni, Guest?

#11 Fundi_Mstaafu

Sawa, ila aupime. Ruta nyingi za bei ya chini zikiwa kwenye hali ya AP, mtandao wa wageni ama unatoweka ama unabaki jina tu na hauzuii chochote. Kipimo ni rahisi: unganisha simu kwenye Wi-Fi ya wageni, fungua 192.168.1.1. Ikifunguka, huo si mtandao wa wageni, ni pasiwedi ya pili ya mtandao ule ule. Hapo kinachobaki ni kuweka pasiwedi ya maana kwenye ruta zote mbili, kamera na printa. Na zile admin/admin ziondoke leo.

#12 Baba_Tunu

Wakuu nimefanya kitu cha kijinga.

Nilianza kuzima DHCP kabla ya kubadilisha anwani. Sasa kompyuta haipati namba, inaonyesha 169.254 sijui nini, na 192.168.0.1 haifunguki. Nimejifungia nje ya ruta yangu.

#13 Kebo_Moja

Usihangaike, ndiyo maana mzee alisema usiruke. 169.254 ni namba ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa. Ipe namba kwa mkono: nenda setingi za kadi ya mtandao, IPv4, andika 192.168.0.50, maski 255.255.255.0, lango 192.168.0.1. Sasa fungua 192.168.0.1, itafunguka. Badilisha anwani ya ruta iwe 192.168.1.2 kama ulivyoambiwa. Ikigoma kabisa, kuna kitundu cha riseti nyuma, ingiza kipini, kandamiza sekunde kama kumi mpaka taa zicheze zote, unaanza upya.

Ukimaliza usisahau kuirudisha kompyuta kwenye kupokea namba yenyewe, la sivyo kesho utafungua uzi mwingine.

#14 Baba_Tunu

Imekubali bila kipini. Kebo nimerudisha. Simu tano za humu ndani zote sasa zinaanza na 192.168.1. Nimelala na kuamka, bado zipo. Hata printa ya sebuleni sasa nai-print nikiwa ofisini, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu niinunue.

Umebaki ukonokono wa usiku, na kamera.

#15 Kebo_Moja

Huu wa usiku niachie mimi. Pakua programu ya kuchunguza Wi-Fi kwenye simu ya Android, zipo za bure, simama ofisini saa mbili usiku. Itakuchorea vilima, kila kilima ni Wi-Fi ya mtu na chaneli yake. Tuambie umeona nini kwenye 2.4 GHz.

#16 Baba_Tunu

Nimehesabu kumi na moja. Nane zimekaa chaneli 6, mbili chaneli 1, moja chaneli 11. Yangu ya ofisini ni pana kuliko zote, imetandaza mguu. Na ya sebuleni pia ipo 6.

Ninaona chaneli 4 haina mtu kabisa. Nihamie huko?

#17 Kebo_Moja

Usihamie 4! Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kwenye 2.4 GHz chaneli zimepishana MHz 5 tu, lakini Wi-Fi moja inahitaji upana wa kama MHz 20. Kwa hiyo ukikaa 4 unawakanyaga wa 1 na wa 6, nao wanakukanyaga. Tena ni vibaya zaidi kuliko kukaa nao chaneli moja, kwa sababu wa chaneli moja wanasikizana na kupeana zamu. Wa chaneli ya kando anakusikia kama kelele tu. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Ofisini weka 11, sebuleni weka 1.

Na ule upana: ruta nyingi huja na 20/40. Kwenye 2.4 weka 20 basi. Ukiweka 40 umechukua zaidi ya nusu ya barabara nzima, halafu unashangaa foleni. Acha upana mkubwa uwe wa 5 GHz, huko 80 haina shida, nafasi ipo.

Kingine angalia aina ya ulinzi. Iwe WPA2 yenye AES. Ikiwa TKIP, ruta hushusha kasi mpaka 54 Mbps hata iwe mpya kiasi gani, na TKIP yenyewe ni kufuli la zamani. WPA3 ni nzuri kama vifaa vyako vyote vinaijua. Simu za zamani huwa hazioni mlango, kwa hiyo chagua ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN au kitufe badala ya pasiwedi) zima. Tangu Desemba 2011 ilijulikana kuwa PIN yake ya tarakimu nane huhakikiwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kukagua tu, kwa hiyo badala ya mamilioni mtu anajaribu mara 11,000 tu. Kijana mwenye laptopu na subira anamaliza kwa siku.

#18 Chizi_wa_Gemu

Chaneli 13 je? Kwetu ruta inairuhusu na huko hakuna mtu.

#19 Kebo_Moja

Inaruhusiwa nchi nyingi, Marekani kwa kawaida wanaishia 11. Nilishaiweka 13, ikawa tamu sana, mpaka laptopu aliyotuma shemeji kutoka Marekani ikawa haioni Wi-Fi kabisa. Familia nzima wanaona, shemeji wa watu ananitukana tu kwa simu kwamba nimeiharibu. Nimerudi 11.

#20 Bi_Shangani

Assalamu alaikum jamani. Mimi nipo Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukinyoosha mkono dirishani ndo unafika nje. Ruta ipo ghorofa ya chini. 5 GHz ikitoka chumba kimoja haingii cha pili. Mtoto wa dada kaniambia nipandishe nguvu ya kurusha, Transmit Power, iwe ya juu kabisa. Nimepandisha, mistari imezidi, intaneti ile ile. Hii vipi?

#21 Fundi_Mstaafu

Waalaikum salaam bibi. Hapo ni sawa na muadhini wa jirani. Yeye ana kipaza sauti, unamsikia mpaka chumba cha ndani. Wewe ukimwita kwa mdomo kutoka chumba hicho, atakusikia? Simu yako haina kipaza sauti. Kupandisha nguvu ya ruta kunafanya simu isikie, lakini ruta haisikii jibu la simu, na intaneti ni mazungumzo ya pande mbili.

Kwa kuta hizo usipambane na masafa, pambana na kebo. Pitisha moja kwenye ngazi au kwenye upenyo wa dirisha la juu, weka ruta ya pili ghorofani, uifanye AP kama ya Baba Tunu. Jina la Wi-Fi liwe lile lile, pasiwedi ile ile, ulinzi ule ule, chaneli tofauti. Ukipanda ngazi simu itahama yenyewe. Ikichelewa kuhama, shusha nguvu ya ruta ya chini iwe ya kati. Naam, shusha. Simu hung'ang'ania ruta ya zamani kwa sababu bado inaisikia kwa mbali.

#22 Bi_Shangani

Ahsante babu. Kwenye ngazi kuna tundu la bomba la zamani, fundi akija nitampa hiyo.

#23 Mtoto_wa_Likoni

Nami nidandie hapa ndugu zangu, ni Mombasa. WhatsApp yaenda, YouTube yaenda, lakini mfumo wa kazini haufunguki, wazunguka tu mpaka nachoka. Nikitumia data ya simu wafunguka. Ruta naingia kwa jina na pasiwedi ya PPPoE. Niliona video yasema MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kipande kimoja cha data) ikiwa 1500 ndiyo kasi, nikaiweka.

#24 Fundi_Mstaafu

Ushajijibu mwenyewe. PPPoE hula baiti 8 kwenye kila pakiti kwa ajili ya bahasha yake, kwa hiyo 1500 inabaki 1492. Ukiilazimisha 1500, pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Tovuti zinazojirekebisha huzioni tofauti, zile ambazo njiani kuna mtu amezuia ujumbe wa "punguza ukubwa" ndizo zinakuzungukia.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika: ping -f -l 1464 8.8.8.8. Hiyo 1464 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1492. Ikijibu, jaribu 1472. Ikikataa, jibu unalo. Rudisha MTU 1492.

#25 Mtoto_wa_Likoni

1464 yajibu, 1472 yakataa. Nimerudisha 1492, mfumo wafunguka kabla sijaondoa kidole. Wiki mbili nimekuwa nikimlaumu mtu wa ofisini.

#26 Mama_Wawili

Samahani kwa kuingilia, maana naona wataalamu mpo. Mimi nafundisha kwa Zoom jioni. Kijana wangu akianza kushusha gemu, sauti yangu inakatika, wanafunzi wanasema mwalimu anaongea kama roboti. Kasi nikipima ipo. Pili, kuna namna ya kuzuia tovuti chafu nyumba nzima?

#27 Chizi_wa_Gemu

Mama hilo la kwanza nalijua maana mimi ndiye kijana wa nyumba nyingine. Fanya hivi: fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8, iache itembee, mwambie aanze kushusha gemu. Angalia namba za muda wa jibu (ms) zinavyopanda.

#28 Mama_Wawili

Ilikuwa 28, 31, 29. Alipoanza ikapanda 340, 610, 720. Sijui maana yake ila naona si nzuri.

#29 Kebo_Moja

Maana yake foleni haipo kwenye kasi, ipo kwenye subira. Ruta au kifaa cha mbele yake hupokea mzigo wa gemu na kuupanga kwenye foleni ndefu badala ya kuukataa mapema. Sauti yako ya Zoom ni pakiti ndogo, lakini inasimama nyuma ya malori. Hadi ifike, sekunde nzima inakaribia.

Tafuta kwenye ruta yako QoS (setingi ya kupanga foleni na kipaumbele), au kama ni ya kisasa zaidi au umeweka OpenWrt (programu huria ya ruta), SQM, ndugu yake bora. Iambie kasi yako ni pungufu kidogo ya ile halisi, kama asilimia 90. Una 20, andika 18. Na ya kupandisha vile vile, usiisahau, maana Zoom ya mwalimu inapandisha zaidi. Ukifanya hivyo foleni inakaa kwenye ruta yako, ambayo unaitawala, badala ya kukaa kwa kampuni. Unapoteza Mbps 2, unapata sauti.

Kama ruta ina QoS ya kizamani ya kuchagua kifaa kipi kipewe kipaumbele, ipe laptopu yako namba ya kudumu kwanza, kwenye DHCP kuna sehemu ya kuifunga namba kwa MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) ya kifaa. Angalizo, simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujibadilishia MAC kwa kila mtandao. Ukiifunga MAC, hakikisha ni ile inayoonekana kwenye orodha ya ruta, si ile iliyobandikwa kwenye boksi.

#30 Fundi_Mstaafu

La tovuti: kwenye ruta, sehemu ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), ondoa iliyopo uweke 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Hizo ni za Cloudflare, zinakataa tovuti za ngono na zile za virusi. Usichanganye na 1.1.1.1, hiyo haichuji kitu. Na DNS ya pili usiweke 8.8.8.8, maana kifaa kikikataliwa kwa ya kwanza pengine kitauliza ya pili, nayo haichuji.

Ila mama nikuambie ukweli: kijana akiweka DNS yake mwenyewe kwenye simu, anapita juu ya yako. Android ina sehemu hiyo waziwazi.

#31 Chizi_wa_Gemu

Mzee umetuchoma.

#32 Baba_Tunu

Wakuu, matokeo. Jana saa mbili na robo usiku, ofisini, 2.4 GHz chaneli 11 upana 20, nimepata 16. Kwenye 5 GHz nikiwa chumba hicho hicho 19 na nukta. Sikuwahi kuiona 19 tangu faiba ifungwe. Mpangaji amegonga mlango kuuliza kama nimepandisha kifurushi, nimemwambia ndiyo.

Sasa mzee, 100.83.

#33 Fundi_Mstaafu

Naam. Anwani za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3 na zilishaisha kugawiwa kwa ukarimu. Kampuni nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa ajili hiyo, mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiona WAN yako imo humo, jua ruta yako haipo mtaani, ipo ndani ya ua wa kampuni. Poti unazofungua ni madirisha yanayotazama ua, si barabara. Unaweza kufungua mia, mtu wa nje hayaoni. Hakuna setingi ya kwako inayotibu hilo.

Na nashukuru hukufanikiwa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu tu majina na pasiwedi sitini na kitu za kiwandani, kikatumia jeshi hilo kuiangusha Dyn, kampuni ya DNS, mwezi Oktoba, tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Kamera iliyo wazi mtandaoni kwa pasiwedi ya kiwandani haikai muda mrefu bila mgeni.

Futa poti zote ulizofungua. Zima UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe), na usimamizi wa ruta kutoka nje uwe umezimwa. Kisha chagua: tumia programu ya kamera yenyewe, ambayo hupitia seva za watengenezaji, au omba kampuni anwani ya nje ya kulipia, au weka VPN (njia binafsi iliyofungwa kupitia intaneti) isiyohitaji anwani ya nje, kama Tailscale, kwenye kompyuta isiyozimwa hapo nyumbani, na simu yako uingize humo humo.

#34 Kebo_Moja

Nyongeza kwa hiyo ya mwisho: kama Wi-Fi ya kazini kwako nayo inatumia 192.168.1, simu itachanganyikiwa, haitajua kamera ipo kwa nani. Tumia data ya simu, au siku ukiwa na nafasi hamishia nyumba nzima kwenye 192.168.77.

Na ukisasisha programu ya ruta, fanya ukiwa na uhakika wa umeme. Mimi umeme ulikatika mstari umefika asilimia 60, ruta ikabaki taa moja nyekundu. Tangu hapo nina UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ruta haijui kama kuna giza. Hakikisha tu adapta yako ni ya 12 kweli, kuna za 9 zenye pini ile ile.

#35 Baba_Tunu

Nimechukua laptopu ya zamani iliyovunjika kioo, nimeilaza juu ya kabati ofisini, nimeiwekea Tailscale na kuiambia ipitishe mtandao wa 192.168.1. Kamera nimeipa 192.168.1.20 ya kudumu. Poti zote nimefuta, zilikuwa kumi na nne, nyingine sikumbuki nilizifungulia nini.

Leo saa nne asubuhi nipo kazini Posta, kwa data ya simu, nimefungua kamera. Nimemuona mbuzi wa jirani getini anakula maua ya mama Tunu. Nimempigia simu, amemkuta bado anatafuna.

Setingi zote nimeziandika kwenye karatasi, nimeibandika chini ya ruta.

#36 Zima_Washa

Kwa hiyo katika kazi yote hiyo, ruta hukuizima ukaiwasha?

#37 Baba_Tunu

Mara tisa.